Maji yatokayo motoni

Majira ya Krismasi ya 1860 kuingia 1861, Michael Faraday aliwafundisha watoto wa London kemia kwa kuanzia na mshumaa. Alitoa mihadhara sita katika ukumbi wa Royal Institution, mtaa wa Albemarle. Haidrojeni aliitambulisha siku ya tatu. Oksijeni ikangoja siku ya nne, naitrojeni ya tano. Kaboni ilichungulia mapema kwa sura ya masizi, lakini hesabu yake ikafungwa siku ya sita. Elementi nne kwa mihadhara sita. Mwalimu anayekimbizana na muhtasari wa somo ataona huo ni mwendo wa kobe. Mimi naona ufundi wote umo humo, na nataka kuufungua kipande kwa kipande, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ile inaweza kurudiwa leo katika darasa la Tanga au Kigoma kwa vitu vinavyouzwa duka la jirani.

Faraday wakati huo alikuwa na miaka 69. Baba yake alikuwa mhunzi, na yeye mwenyewe hakusoma shule ya kutajika. Alijua kusoma, kuandika na hesabu kidogo, kisha akapelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Kitabu kimoja alichokutana nacho kazini kilikuwa cha Jane Marcet, kilichotoka mwanzoni mwa karne ya 19 bila jina la mwandishi, na kilichoandikwa kama mazungumzo ya kemia kati ya mwalimu na wasichana wawili. Wasichana wanauliza, wanabisha, wanakosea, wanauliza tena. Faraday alipima yale aliyoyasoma kwa majaribio madogo aliyoyamudu mfukoni, akakuta kitabu kinasema kweli. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kufundisha. Mihadhara ya mshumaa aliwahi kuitoa mwaka 1848, na ile ya 1860 ikawa ya mwisho kwake katika mfululizo wa Krismasi. William Crookes aliyahariri maneno yake na kuyatoa kitabuni mwaka 1861, mwaka uleule ambao Crookes mwenyewe alitangaza elementi mpya, thaliamu. Jedwali la elementi la Mendeleev lilikuwa bado miaka minane mbele. Watoto wale walifundishwa elementi pasipo jedwali ukutani.

Walianza na nini basi? Walianza na swali ambalo mtoto yeyote anaweza kulijibu vibaya: mafuta yanapandaje juu hadi kwenye moto? Mshumaa ni kitu kigumu, mwali uko juu yake, wala haugusi nta iliyo chini. Faraday aliwaonyesha kwanza kile kikombe kidogo kinachojichimba juu ya mshumaa. Joto la mwali linayeyusha nta ya katikati, lakini hewa inayopanda kandokando inaupoza ukingo wa nje, ukabaki mgumu. Ndiyo maana mshumaa ukiwekwa penye upepo wa upande mmoja, ukingo huvunjika na nta hutiririka kama machozi. Kisha akageukia utambi. Alisimamisha nguzo ya chumvi kwenye sahani, akamimina chini yake maji yaliyokwisha kushiba chumvi na kutiwa rangi ya buluu. Maji yaliyoshiba hayawezi tena kuyeyusha chumvi, kwa hiyo nguzo haikubomoka; buluu ikaanza kupanda taratibu ndani yake, punje kwa punje. Mtoto wa kwetu aliyekulia kwenye kibatari ana jibu hilo tayari mkononi, ila hajaambiwa kwamba ni jibu. Amewahi kusokota utambi wa pamba, akauchovya kwenye mafuta ya taa, akaona unavyolowa mpaka ncha. Mwalimu akitaka nguzo ya chumvi, karatasi ya chooni iliyosokotwa na kuchovywa kwenye maji yenye rangi inatosha.

Jambo ninalolipenda kuliko yote linafuata hapo. Mshumaa ukizimwa kwa kupulizwa polepole, uzi wa moshi mweupe hupanda kutoka kwenye utambi. Lete njiti inayowaka, usiuguse utambi, iweke kwenye moshi ule vidole viwili au vitatu juu yake. Moto unashuka kwa kuufuata moshi, unarukia utambi, mshumaa unawaka tena. Nimeliona jaribio hili likiwaduwaza watoto wa miaka sita na watu wazima wa miaka hamsini kwa kipimo kimoja. Linathibitisha kwa mkupuo mmoja kitu ambacho kurasa tatu za maelezo haziwezi: kinachowaka katika mshumaa ni mvuke wa nta. Nta ngumu huyeyuka, nta iliyoyeyuka hupanda, iliyopanda hugeuka mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto. Hali tatu za maada, ambazo vitabu vyetu huziorodhesha kwa barafu, maji na mvuke wa sufuria, zimo ndani ya mshumaa mmoja zikiwa kazini kwa wakati mmoja.

Faraday hakuishia hapo, na hapa ndipo namna yake ya kupanga inapojionyesha. Kila alichodai alikirudia kwa njia ya pili. Alichukua mrija wa kioo uliopindwa, akatia ncha moja katikati ya mwali, pale penye giza karibu na utambi, mvuke ukatoka upande wa pili. Akauwasha kwenye mdomo wa mrija, ikawa kama mshumaa wa pili mbali na ule wa kwanza. Kisha akalaza karatasi kuukata mwali katikati, akaiondoa kabla haijashika moto. Karatasi ikaungua kwa duara, katikati pakabaki peupe. Maana yake joto liko pembezoni, mahali mvuke na hewa vinapokutana, si ndani. Mtoto sasa ana ushahidi wa aina mbili kwa jambo moja, na hajaambiwa jina lolote la Kilatini wala la Kigiriki. La karatasi linafanyika popote penye mshumaa na mtu mzima mwenye subira. La mrija linahitaji mrija wa kioo. Wa plastiki utayeyuka.

Masizi nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa kwetu hayahitaji utangulizi. Nani hajaona dari lililokuwa jeusi juu ya kibatari? Faraday aliwaeleza watoto kwamba weusi huo ndio unaoupa mwali mwanga wake: chembe ngumu za kaboni hupata moto mkali mpaka zikang'aa, kisha zikifika pembeni penye hewa ya kutosha huungua zikaisha. Hewa ikipungua, hutoroka zikiwa nyeusi. Taa ya chemli huwaka safi kuliko kibatari kwa sababu kioo chake kinavuta hewa kutoka chini. Jiko la gesi lina mwali wa buluu usio na mwanga mwingi kwa sababu gesi imechanganywa na hewa kabla ya kuwaka, hata masizi hayapati nafasi ya kujikusanya. Mtoto akishika kijiko juu ya kila moto kwa zamu, kijiko kitamweleza chenyewe.

Lakini kijiko kile kina habari nyingine, na hii ndiyo moyo wa kazi nzima. Kikishikwa juu zaidi ya mwali, kikiwa baridi, hufunikwa na ukungu. Faraday alitumia chombo kilichojazwa barafu na chumvi, akakiweka juu ya mshumaa, na matone yakaanza kuning'inia chini yake. Maji yanatoka motoni! Kwa mtoto aliyefundishwa tangu kuzaliwa kwamba maji na moto ni maadui, hilo ni jambo la kushangaza kweli, na Faraday aliuheshimu mshangao huo kwa kutoutuliza upesi. Aliuliza swali la mwanasheria: tunajuaje kwamba hili ni tone la maji, si kitu kingine kinachofanana nayo? Akalitia kipande cha potasiamu. Potasiamu ikigusa maji huwaka kwa mwali wa zambarau, nayo iliwaka kwenye tone la mshumaa kama ilivyowaka kwenye maji ya bakuli.

Potasiamu haina nafasi katika darasa la watoto wa leo. Ni ya hatari, na kuipata ni shida. Hata hivyo tuna mrututu. Zile chembe za buluu ambazo wakulima hutumia kupambana na ukungu wa mimea ni salfeti ya shaba, na buluu yake inategemea maji yaliyofungwa ndani yake. Mwalimu akiukaanga mrututu kidogo kwenye kipande cha bati juu ya moto mdogo, maji hutoka, unabaki unga mweupe. Tone likidondoka juu ya unga huo, buluu inarudi. Tone la bomba, tone la mvua, tone lililokusanywa juu ya mshumaa: yote matatu yanatoa buluu ileile. Mrututu ni sumu, kwa hiyo uguswe na mwalimu peke yake, kwenye chombo ambacho hakitarudi jikoni, dirisha likiwa wazi. Watoto watazame. Jaribio hili, kwa maoni yangu, linaishinda potasiamu ya Faraday, maana potasiamu huacha kumbukumbu ya mlipuko, ilhali mrututu huacha kumbukumbu ya alama inayotambulisha maji.

Baada ya kuyatoa maji motoni, Faraday alikaa na maji yenyewe kwa muda mrefu. Alipasua chupa nene za chuma kwa kuyagandisha maji ndani yake, jambo ambalo mtoto wa Dar es Salaam aliyeisahau chupa ya kioo kwenye friza atalielewa bila kuonyeshwa. Ndipo akapitisha mvuke wa maji kwenye bomba la chuma lililojaa vipande vya chuma na kuwekwa tanuruni. Upande wa pili ikatoka gesi isiyorudi kuwa maji ilipopozwa, nyepesi kiasi cha kukaa ndani ya jagi lililogeuzwa mdomo chini, na yenye kuwaka. Akaiwasha, akashika kioo baridi juu ya mwali wake. Maji tena, wala hakuna masizi hata chembe. Hapo, baada ya gesi kutoka kwenye maji na maji kutoka kwenye gesi, jina likapata maana yake. Haidrojeni ni jina waliloliunda Wafaransa wa wakati wa mkemia Lavoisier kutoka Kigiriki, na kwa Kiswahili tungesema mzaa-maji. Mtoto aliyeona uzazi huo hahitaji kukariri.

Siku iliyofuata alitumia umeme kuyatenga maji, akaonyesha kwamba haidrojeni inayopatikana ni mara mbili ya oksijeni kwa ujazo, huku kwa uzito kila gramu 9 za maji zikibeba 1 ya haidrojeni na 8 za oksijeni. Hakuogopa kuwapa watoto namba, kwa kuwa namba zilikuja zikiwa jibu la kitu walichokiona. Darasani kwetu, betri sita za tochi zilizofuatanishwa, penseli mbili zilizochongwa ncha zote, na glasi ya maji yenye chembe ya magadi, yale ya kulainishia makande, vinatosha kuonyesha mapovu ya upande mmoja yakiwa mengi kuliko ya upande wa pili. Asitumie chumvi ya mezani mtu yeyote hapo. Chumvi hutoa klorini, gesi yenye kuchoma pua na mapafu.

Suala la majina linanigusa zaidi kwa sababu ya lugha yetu. Mtoto wa Kiswahili anaingia shuleni akiwa na elementi mdomoni bila kujua. Dhahabu, fedha, shaba, chuma, risasi, bati, zebaki: hizo ni metali saba walizozijua watu wa kale, na zote zina majina ambayo bibi yake anayatumia. Makaa ni kaboni isiyosafishwa. Na akitumwa dukani kiberiti, analeta nyumbani jina la elementi ya tisa, kwani kiberiti, neno tulilolipokea kwa Waarabu, ni salfa yenyewe kabla ya kuwa njiti. Sanduku lile lina salfa kidogo kwenye vichwa vya njiti, kaboni kwenye mti wake, na fosforasi nyekundu ubavuni, pale pa kukwangulia. Hata alama zinazoonekana ngeni zina njia ya kuingilia. Alama ya sodiamu ni Na, kutoka jina la Kilatini lenye asili moja na natron, jina linalobebwa na ziwa letu la kaskazini lililojaa magadi. Alama ya potasiamu ni K, kutoka neno la Kiarabu la majivu ya mimea. Kumbe magadi na majivu, vitu viwili vya jikoni, vimekaa kwenye jedwali vikiwa na mavazi ya kigeni.

Wengi wetu tulizipokea elementi kwa mlango mwingine. Orodha ya ishirini za kwanza, ubaoni, ikaririwe kwa mfuatano, heliamu ikija ya pili ingawa hakuna aliyekuwa ameiona wala kuisikia. Mtoto akizitaja zote bila kukosea tunampigia makofi. Tukimuuliza kaboni iko wapi ndani ya chumba hiki, anaangalia juu kama inaelea. Silaumu orodha. Jedwali ni kazi kubwa ya akili ya binadamu, na siku yake inafika. Ila Mendeleev aliwapanga watu anaowafahamu. Sisi tunawapanga wageni.

Kuna jaribio moja la mshumaa ambalo limeenea mno shuleni na ambalo lazima niliseme, kwa kuwa linaharibu kazi. Mshumaa unasimamishwa kwenye sahani yenye maji, unafunikwa kwa glasi, unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi. Watoto wanaambiwa: oksijeni imeisha, maji yamechukua nafasi yake, nayo ni moja ya tano ya hewa. Si kweli. Tazama wakati maji yanapopanda. Kama yangekuwa yanajaza nafasi ya oksijeni inayoliwa, yangepanda polepole tangu mwanzo, sambamba na kuwaka. Badala yake yanapanda kwa kasi pale mshumaa unapozimika. Kilichotokea ni kwamba hewa ndani ya glasi ilipata joto ikatanuka, mara nyingine utaona mapovu yakitoroka ukingoni, kisha moto ulipozimika ikapoa na kusinyaa. Isitoshe, mshumaa unapotumia oksijeni unatoa gesi nyingine na mvuke wa maji, tena huzimika ikiwa bado oksijeni nyingi imebaki. Weka mishumaa miwili au mitatu chini ya glasi ileile, na maji yatapanda zaidi, ingawa oksijeni haijaongezeka. Faraday alipotaka kuonyesha oksijeni iliyomo hewani, alitumia gesi inayogeuka nyekundu inapokutana nayo. Mshumaa aliufunika kwa jagi kuonyesha tu kwamba pasipo hewa mpya, moto unakufa. Jaribio lisibebeshwe hitimisho lisiloweza kulibeba.

Na yeye ana upungufu wake. Watoto wale walikaa kwenye viti wakatazama. Mikono iliyofanya kazi ilikuwa yake na ya msaidizi wake. Aliwahimiza warudie nyumbani baadhi ya mambo, lakini mtoto wa nyumba ipi angekuwa na bomba la chuma na tanuri? Hapo darasa la kawaida lenye mishumaa, vijiko na ndoo ya mchanga pembeni linaweza kumpita Faraday, mradi watoto wawe katika vikundi vidogo, nywele zimefungwa, na kila moto uwe na mtu mzima wake.

Siku ya mwisho alirudisha somo lote kwenye mwili wa msikilizaji. Watoto walikwisha kuona kwamba mshumaa, mbali na maji, hutoa gesi inayogeuza maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa, gesi tunayoiita hewa ukaa, jina zuri kwa sababu makaa yanasikika ndani yake. Sasa pumzi ya mtu ilipitishwa kwenye maji ya chokaa, na yakawa meupe vilevile. Faraday akawapa hesabu: mtu mzima hubadili wakia saba hivi za kaboni, kama gramu 200, kwa saa 24, na kaboni hiyo imetoka kwenye chakula. Wali wa mchana na nta ya mshumaa vinakwenda njia moja, kimoja kwa mwali, kingine pasipo mwali.

Hili la mwisho ndilo rahisi kuliko yote kwa watu wa pwani, ambako chokaa imechomwa kwa mawe ya matumbawe tangu enzi za kujenga misikiti ya kale. Koroga kijiko cha chokaa kwenye chupa ya maji, acha itulie usiku kucha, mimina polepole yale maji maangavu ya juu. Mpe mtoto mrija na miwani ya kukinga macho, mwambie apulize bila kuvuta. Maji yatachafuka weupe, na darasa litapiga kelele. Wengi husimamisha somo hapo. Usilisimamishe, mwache aendelee kupuliza dakika kadhaa zaidi. Weupe utaanza kufifia, kwa kuwa ni jiwe changa la chokaa, na hewa ukaa ikizidi huligeuza kuwa kitu kinachoyeyuka. Watauliza limekwenda wapi. Kama mko Tanga, safari ya kwenda mapango ya Amboni ni fupi: mvua iliyobeba hewa ukaa kutoka angani na udongoni ilipita kwenye mawe yale ya chokaa kwa muda mrefu sana, ikayayeyusha kwa namna ileile, mpaka pakawa na vyumba vya kutembea watu.